Kiganja cha Kibwengo

Kibwengo aliweka kiganja chake juu ya kioo cha simu, na simu ikafunguka. Hapo ndipo Nyaya, binti aliyemnasa kwa mtego wa sumaku na betri kuukuu, alipoona kwamba kiganja chenyewe kimebabuka, chekundu kama pilipili.

"Kinauma?"

"Kila simu inauma," alisema kibwengo. Umbo lake lote halikuzidi kidole gumba, na sauti ilikuwa imemkauka.

Mjomba wa Nyaya alizizoa simu zilizokwisha kufunguliwa, isipokuwa ile iliyokuwa bado mbele ya kibwengo. Zote zilikuwa za wizi. "Mpwa wangu, una kichwa wewe! Huyo kibwengo wako amalizie na hizo zilizobaki. Narudi sasa hivi."

Mlango ulipofungwa, Nyaya alisugua macho. Alikuwa hoi, hata kope zilimwasha. Akafungua mtego. "Haya, nenda zako."

Kibwengo alijikokota hadi ukingoni mwa meza, akachungulia chini, akaketi. "Sina nguvu hata ya kukimbia, dada. Niache nipumzike kwanza."

Kikohozi cha mjomba kikasikika kwenye ngazi. Nyaya alimwinua kibwengo taratibu, akamlaza ndani ya mfuko wa shati lake. Kisha akachukua ile simu iliyofunguka, akawapigia polisi.

"Kuna simu za wizi hapa," alisema, akawaelekeza nyumba.

"Mwizi ni nani?"

Kitasa kikazunguka.

"Mjomba wangu," alisema Nyaya. "Na mimi."