Jina la Tunu

Kila mzazi alichorwa tatuu ya majina ya wanawe mkononi, na mlinzi wa shule aliyasoma kabla ya kumruhusu mtoto kutoka. Jina la Tunu lilichorwa kwa wino mwekundu, na ngozi ya mama yake, Zawena, ikaukataa. Mkono ulivimba, ukawasha na kutoa usaha, hadi daktari akalifuta jina kwa miale ya leza.

Kesho yake mlinzi alilitazama kovu bichi.

“Mama, wewe ni nani wake?”

Mzazi asiye na jina la mtoto alipelekwa polisi. Jirani aliyekuja kumchukua mtoto aliweka sahihi tu. Zawena aliinamisha uso.

“Jirani yao.”

Tunu alikuwa amesimama pale pale na begi lake. Njiani Zawena alimwomba msamaha.

“Haya,” Tunu alijibu kwa adabu, kama anavyowajibu wageni. “Ahsante kwa kuja kunichukua.”