Uhamisho wa Celina

Treni ya bara ilipoanza kujikokota, Celina alitoa kichwa dirishani akapunga leso, machozi yakimtiririka. Chini, rafiki zake walikuwa wanaimba wimbo wa kwaheri. Wote walijua anahamia Dodoma. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba tiketi yake inaishia Pugu, pale pale nje ya mji.

Severa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemkumbatia muda mrefu kabla ya kengele.

"Wakishakuhamisha ndio basi? Hawakurudishi?"

"Labda baada ya miaka mitano."

Severa akaangua kilio upya. Angelina, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru, hakulia. Yeye alishughulika kupandisha mizigo ya Celina, tena upesi, mpaka wapagazi wakamwomba apunguze kasi.

Walikuwa marafiki watatu wa Kariakoo, na urafiki wao ulisifiwa sana, hasa na wenye mabaa. Jumamosi dansi. Jumapili nyama ya kuchoma. Kila harusi ilikuwa na sare yake ya kanga, hata baada ya kanga kuadimika na kuanza kuuzwa kwa mlango wa nyuma. Kabla ya lolote, Severa alikuwa na desturi ya kuuliza, "Celina, wewe mwenye kazi ya ofisini, unasemaje?" Na karani wa shirika la umma angejibu nini? "Twendeni," Celina alikuwa akisema, huku akikumbuka kwamba mwezi haujafika hata nusu na pochi imebaki na nauli.

Kule Kibosho mama yake alikuwa analala na sufuria kitandani, akikinga matone ya mvua. Celina alimwahidi mabati. Masika yakapita, yakaja mengine. Mama hakulalamika. Alituma salamu tu, kwamba amenunua sufuria la pili.

Kumwambia rafiki "sina" ni aibu. Kumwambia umehamishiwa Dodoma ni kujenga taifa. Siku hizo ofisi moja baada ya nyingine ilikuwa inafungasha mafaili kwenda makao makuu mapya, kwa hiyo hakuna aliyemhoji. Rafiki zake walimfanyia sherehe ya kumuaga ambayo mtaa mzima uliisikia, na kwa kuwa mwenye shughuli hakai mikono mitupu, bia za mwisho alizinunua Celina mwenyewe. Kubana matumizi nako kuna gharama zake.

Alishuka Pugu, akangoja treni ipotee, akarudi mjini juu ya lori la mkaa. Alipanga chumba Ilala kwa Bi Zamzam, mama mtu mzima aliyemwazima baibui bila kutaka kujua msichana wa Kichagga mwenye rozari shingoni analitaka la nini. Tangu hapo akawa anakwenda kazini amejifunika mpaka usoni. Akifika langoni analivua, analikunja, analitia kikapuni. Njiani watoto walimwamkia, "Shikamoo, bibi." Alikuwa hajafika miaka thelathini.

"Marahaba," alijibu. Kuheshimika hakuhitaji mchango.

Maisha yakanyooka. Mshahara ukaanza kufika mwisho wa mwezi, jambo ambalo Celina alikuwa akilisikia kwa watu. Uvunguni kwake mabati yakaongezeka. Alikosa kitu kimoja tu, mtu wa kucheka naye. Jumamosi jioni alikaa chumbani na mabati yake, na mabati, pamoja na sifa zake zote, hayana mazungumzo. Mara mbili aliamka akavaa viatu vya dansi, akavivua, akalala.

Asubuhi moja ikavuma kwamba duka la ushirika Kariakoo limepata sukari. Celina akajitupia baibui, akakimbilia foleni. Alikuwa bado anahema alipotambua migongo miwili iliyokuwa mbele yake. Severa na Angelina.

Severa alikuwa amenawiri, Angelina amevaa viatu vipya. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, lakini foleni ilikuwa imewabana kiasi kwamba Celina alisikia kila neno.

"Tangu Celina aondoke," Angelina alikuwa anasema, "Jumamosi si Jumamosi tena. Saa mbili nimeshalala."

"Hata mimi, shoga. Nani wa kwenda naye?"

Hawa ndio watu aliowakimbia. Hawa, waliomlilia stesheni mbele ya umati. Celina akashika pindo la ushungi. Aibu ni ya siku moja, alijiambia. Atajifunua usoni, atawaeleza yote, mvua na mabati na mama, nao watamcheka mpaka wachoke, kisha watasamehe.

"Mwenye nyumba nimemmaliza," Angelina akaendelea. "Kodi yote niliyokuwa nadaiwa. Na chenji ikatoa viatu hivi."

Mkono wa Celina ukabaki pale pale kwenye pindo.

"Kumbe ulikuwa unadaiwa kodi?" Severa akauliza. "Mbona hukusema?"

"Nisemeje, na mwenzetu wa ofisini keshasema twendeni?"

Severa akaguna. Foleni ikasogea, nao wakasogea wote watatu.

"Mungu amweke hukohuko," Severa akasema. "Angekawia kidogo tu, mimi ndiye mngenisindikiza stesheni. Nilikuwa nimeshajipanga kuwaambia nimehamishiwa Kigoma."