Macho Elfu ya Kereng'ende

Zamani, wadudu na minyoo walipokuwa bado wakisalimiana, Kereng'ende alitua juu ya unyasi kando ya dimbwi, akawa anajitazama majini. Papo hapo, chini ya jani kavu, alilala Nyungunyungu.

"Wewe kipofu," akasema Kereng'ende, "mimi nina macho elfu. Wewe waishije?"

"Macho sina, bwana, ila ngozi yangu ina chembe ndogo ndogo. Mwanga ukizigusa hushtuka, zikaupasha habari mwili mzima."

"Habari gani hiyo?"

"Moja tu: kuna mwanga."

Kereng'ende alicheka mpaka unyasi ukatikisika. Mara jani likafunuliwa, mwanga ukamwangukia Nyungunyungu mgongoni. "Mwanga! Ruka, ndugu yangu!" akapiga kelele, akazama udongoni.

"Mchana wote huu, sasa ndiyo unauona mwanga?" Kereng'ende akamdhihaki, bila kuinua uso majini.

Aliyelifunua jani alikuwa Kuku. Mdomo wake ukamnyofoa Kereng'ende ncha ya bawa, naye akaponea chupuchupu, akaruka upande upande.

Kuku alipokwenda zake, Kereng'ende alirudi, asithubutu kuyatazama maji. "Nyungunyungu," akaita kwa sauti ndogo, "mbona macho yangu hayakuniambia?"

"Yalikuambia, bwana. Mengi yalimwona Kuku. Wewe ulikuwa unayasikiliza yale machache yaliyokuwa yakikutazama wewe."

Kereng'ende akatamani naye angekuwa na jani la kujifunika.