Mvuta Pazia

Adhuhuri hiyo mhandisi Salha alikuwa amebakiwa na jambo moja tu: kutia saini ili ukumbi wa zamani wa maigizo uvunjwe, ujengwe mpya. Alisimama jukwaani, akamwomba Mzee Kitogo, aliyevuta pazia hapo kwa miaka arobaini, amfungulie apime mara ya mwisho.

Mzee akachukua gongo lake, akagonga sakafu mara tatu.

"Unamgongea nani, babu? Humu hamna hata paka!"

"Pazia halifunguliwi kimyakimya, mjukuu wangu. Watu huambiwa wakae."

Akavuta kamba. Pazia lilipofunguka, Salha alisikia viti vya mbao, vile vinavyojikunja vyenyewe vikikosa mtu, vikishuka kimoja kimoja kuanzia safu ya nyuma. Hakuonekana mtu. Vilipotulia, mahali fulani gizani mtu akakohoa.

"Babu," alinong'ona, "wanasubiri nini?"

"Mimi kazi yangu pazia tu. Aliye jukwaani ni wewe."

Salha akaikunjua karatasi ya kuidhinisha ubomoaji. Kisha akaishusha kalamu hadi kwenye mstari wa saini, na viti vyote vikalia kwa pamoja, kama watu wanaoinama mbele ili waone vizuri.