Arobaini ya Jirani

Mgeni asiyejulikana mtaani alisimamisha mkokoteni wenye magunia kumi ya mahindi mbele ya mashine ya kusaga ya Bi Mwantumu.

"Mama, nisagie yote. Harusi ni kesho."

Mawingu yalikuwa yametanda. Umeme wa jua wa mashine ungetosha kusaga gunia moja tu.

"Si una injini ya dizeli?" mgeni aliuliza, akiionyesha pembeni.

"Jirani kajifungua. Nilimwahidi siiwashi mpaka arobaini iishe. Bado siku mbili."

"Siku mbili tu! Mtoto atajuaje?"

"Kifua chake kitajua, baba."

Mgeni akacheka. "Una kichwa kigumu, mama!" Akasagiwa moja, tisa akayapeleka kwingine.

Bi Mwantumu alijifuta unga usoni, akiimba. Bibi wa mtoto akatoka nyumba ya jirani na beseni la nguo ndogondogo, akazianika karibu kabisa na bomba la moshi la injini.