Kipandauso cha Mashavu

Enzi hizo sindano za zahanati zilikuwa haziui maumivu. Zilikuwa zinayahamisha tu, na sharti lilikuwa mtu wa familia akubali kuyapokea. Mashavu, aliyeteswa na kipandauso tangu usichana wake, alichomwa sindano nyembamba kwenye paji la uso na viganjani, akarudi nyumbani kichwa chepesi kama pamba. Mumewe, Shekue, alimwapia kwamba mzigo ameuchukua yeye.

Lakini Mashavu akaanza kumchunguza. Mtu mwenye kipandauso haketi juani akichambua dagaa huku redio inanguruma, wala hacheki vile.

"Kichwa hakikuumi?" akamuuliza.

"Kidogo tu, mke wangu. Mwanamume huvumilia."

Mashavu akaingia ndani kumwita binti yao, Riziki, aje kula. Akamkuta kajificha chini ya kitanda, kajifunga kanga kichwani, macho kayafumba.

"Mama," mtoto alinong'ona, "baba aliniambia niseme ndiyo tu kule zahanati. Sasa nani anatwanga humu kichwani?"

Mashavu akambeba, akaelekea mlangoni ili arudi zahanati akayadai maumivu yake. Shekue alikuwa keshasimama kizingitini.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza kwa upole. "Si umeshapona?"