Nisomee kwa Sauti

Kidole cha Bronwyn kilikuwa juu ya kitufe cha kupeleka programu mpya hospitalini. Alama ya kijani ilikuwa imetokea: mwenzake wa meza ya jirani ameshaikagua kazi yake na kuipitisha.

Mapema mno. Hata chai yake haijapoa.

"Umeisoma?" aliuliza.

"Ya kwako? Nakuamini, Sista." Ofisi nzima ilimwita hivyo, maana kabla ya kujifunza kuandika programu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hapahapa Hobart, Australia. "Bonyeza twende. Ijumaa hii, bia zinapata joto."

Bronwyn aliondoa kidole. Wodini, sindano haikumgusa mtoto mpaka wauguzi wawili wameisoma dawa kwa sauti, neno kwa neno, hata kama wamezeeka pamoja kazini. Kuaminiana kulikuwa mambo ya kantini.

Akamgeuzia skrini. "Nisomee. Kwa sauti."

"We mama, hapa si wodini!"

"Soma."

Mwenzake alicheka, akaweka kopo lake la bia mezani, akaanza kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira. "Dawa ya maumivu! Angalia umri! Mgonjwa akiwa mtoto, toa..."

Akarudia mstari uleule, safari hii polepole, kwa sauti yake mwenyewe.

Kopo lilikuwa likitoa jasho juu ya meza.

"Sista," akasema, "hiki ni kipimo cha mtu mzima."